Ngumi ya Mwisho Kisimani

Kofi la kwanza nilimpiga Swabir mbele ya mama yake mzazi, mkono wangu ungali unanuka vitunguu. La pili nilimpiga mbele ya mama yangu. La tatu lilidakwa hewani na shangazi yake, Bi Hanifa, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anauliza kama pilau imeiva.

"Lahaula!" akasema Bi Hanifa, amenishika kifundo cha mkono. "Huyu ndiye bibi harusi mliyetuitia? Au tumekosea nyumba?"

"Mbeyu!" Mama akapiga ukelele. "Umeingiwa na nini, mwanangu? Watu wamekuja kukuposa!"

"Muulizeni yeye," nikasema. "Muulizeni amekuja kuposa, au amekuja kutazama kazi ya mkono wake."

Swabir alisimama pale uani kwetu Mwabungo, kanzu nyeupe imepigwa pasi ikanyooka, shavu limemwiva kwa makofi, wala hakujishika. Aliniangalia kwa macho yale yale yaliyoninyima usingizi Februari nzima, na mimi, pamoja na hasira zangu zote hizo, moyo ukanidunda. Hilo ndilo lililonitia wazimu zaidi. Ukimchukia mtu mchukie basi, yaishe! Mimi sikuweza.

Kikwetu mposaji haji mwenyewe, huwatuma wazee wake. Lakini Baba alisema anataka kumwona kwa macho huyu kijana aliyemuuguza mwanawe, ampe mkono. Basi wanaume walikuwa mbele barazani wakinywa kahawa, na Swabir akaitwa uani aje awaamkie akina mama. Alipoinama kumpa Mama shikamoo, ndipo nilipoacha kisu na vitunguu nikainuka.

Nilikuwa nimeujua ukweli kwa muda wa saa mbili tu.

Hebu nirudi nyuma kidogo, maana haya hayakuanza siku ile. Pale chuoni kwetu, chuo cha hoteli na ufundi, kuna chama cha wavulana kisichoandikwa popote. Wanajiita Ndugu wa Kisima. Kina matawi mawili, la Ukunda na la Msambweni, na kisima chenyewe si kisima. Ni bwawa la kuogelea la hoteli moja huko Galu iliyofungwa zamani, maji yamekauka, vigae vya buluu vimebanduka. Januari wanawapokea wanafunzi wageni mle bwawani. Machi matawi mawili yanapigana kwa kisingizio cha mpira. Agosti wanatafutiana vibarua mahotelini, na hapo ndipo kila mvulana anapokitamani chama hicho, kwa sababu usipokuwa ndugu hupati hata kuosha masufuria. Novemba mkubwa anayeondoka anamkabidhi mwingine. Mwaka wao ndio huo, na sijapata kusikia mwezi uliopita bila mtu kushonwa nyuzi.

Ndugu yangu Kibwana aliingia chuo Januari, ana miaka kumi na tisa. Ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini kwetu. Wiki ya pili tu akaletwa hospitali, taya limevunjika pande mbili na sikio la kushoto linatoka damu. Akatuandikia kwenye karatasi kwamba amegongwa na pikipiki. Tukaamini. Baba akaapa hatapanda pikipiki tena, na mwaka mzima ametembea kwa miguu mpaka Ukunda, jua la saa saba, mzee wa watu, kwa chuki ya dereva ambaye hajapata kuzaliwa.

Hospitali ndipo nilipomwona Swabir. Alikuwa mwanafunzi wa umeme, mwaka wake wa mwisho. Alikuja na chupa ya uji mwepesi na mrija, akakaa kando ya kitanda, akamnywesha Kibwana polepole na kumfuta kidevu. Kesho yake akaja. Kesho kutwa akaja. Siku saba hakukosa. Mimi nimekaa upande wa pili wa kitanda namtazama mwanamume anavyomfuta mwanamume mwenzake mate bila kinyaa, nikajisemea, Mbeyu, huyu ndiye. Nilimpendea pale. Wallahi sikumpendea sura, ingawa sura anayo.

Na asubuhi ile ya posa Kibwana akanifuata jikoni, macho mekundu, akaniambia uji ule ulikuwa sheria.

"Dada, usikubali," alianza hivyo.

"Nisikubali nini?"

"Swabir. Usimkubali."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Kisha nikamwona hacheki, nikaiweka sufuria chini.

Aliniambia yote. Kwamba mgeni anapigishwa magoti chini bwawani, amevishwa gunia kichwani. Kwamba kila ndugu anampiga kofi moja, na wa mwisho anampiga ngumi. Huyo wa ngumi ya mwisho wanamwita mlezi. Akishakuumiza, anatakiwa akulishe siku saba kwa mkono wake mwenyewe, ili umpende na usiseme. Halafu Novemba, siku ya kukabidhi, mlezi anapiga magoti mbele yako kisimani, anakuonyesha uso, nawe unamrudishia ngumi moja. Mkimaliza hapo mmekuwa ndugu mpaka kufa.

"Siku hiyo ilikuwa jana," akasema Kibwana. "Mpaka jana sikuijua sheria ya uji. Akaja mtu akapiga magoti mbele yangu. Ni Swabir, dada. Wakaniambia, mpige."

"Ukampiga?"

"Mkono ulikataa. Mtu mwenyewe kesho yake anakuja kuwa shemeji yangu. Nikaondoka, wananizomea." Akanishika nguo. "Usimwambie mtu. Nimekula yamini. Anayesema anarudishwa Kisimani, na mara ya pili hakuna wa kumlea."

Sikumwahidi. Ningemwahidi labda ningejizuia. Nilirudi kwenye vitunguu vyangu nikavikata vyote, hata vya kesho, mpaka nilipoisikia sauti ya Swabir ikisema, "Shikamoo, Mama."

Hayo ndiyo yaliyotangulia makofi.

"Mama," Swabir sasa akamwambia mama yangu kwa sauti ya chini, "naomba niseme na Mbeyu. Hapo tu kwenye tangi la maji, mbele ya macho yenu."

Mama akamtazama mama yake Swabir, na huyo akafunika uso kwa mtandio. Bi Hanifa ndiye aliyetoa hukumu.

"Nendeni. Lakini wewe binti, mikono nyuma!"

Mlangoni alisimama Kitsao, rafiki wa Swabir aliyekuja amebeba sinia la zawadi. Alinitazama, akamtazama Swabir, kisha akatoa simu mfukoni na kutoka nje. Sikumtilia maanani. Laiti ningemfuata!

Tulisimama kando ya tangi. Nikamwuliza, "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sema yote. Sitaki kweli ya maneno mawili."

"Ni mimi niliyempiga Kibwana ngumi ya mwisho. Nilisikia mfupa ukivunjika. Sikujua nani yumo ndani ya gunia, Mbeyu. Angeweza kuwa mtu yeyote."

"Ala! Kwa hiyo angekuwa ndugu wa msichana mwingine ingekuwa sawa?"

Akageuza uso upande wa tangi.

"Na uji?"

"Siku saba ni za chama."

"Ee. Endelea. Nipasue vizuri."

"Siku ya nane nilikuja mwenyewe," akasema. "Hakuna aliyenituma. Sikuwa na chupa, sikuwa na sababu. Nilikuja kwa ajili yako."

Niliikumbuka. Alisimama mlangoni mwa wodi mikono mitupu, hajui aiweke wapi, nami nikamcheka. Siku ile ndipo aliponiuliza jina. Machozi yalinijia, nikayakasirikia nayo.

"Miezi kumi, Swabir! Miezi kumi umekula kwetu. Baba anamwombea dua mbaya dereva wa pikipiki, nawe umekaa pale pale mkekani, unaitikia amina!"

"Niliitikia," akasema. "Kila nilipoitikia nilijua najilaani mwenyewe."

"Jana umepiga magoti, leo umevaa kanzu."

"Nilidhani Kibwana angenipiga. Nilitaka anipige. Nilimwomba kwa macho, wallahi. Angenipiga, yangekwisha."

"Yangekwisha kwako! Kwake sikio lingerudi? Akiadhini sasa watoto wanamcheka, sauti inakwenda upande. Ungeniambia lini? Nikishakuzalia wangapi?"

Aliegemea tangi, kanzu ikashika kutu, wala hakuona.

"Nataka kitu kimoja," nikamwambia. "Sitaki radhi, sitaki magoti. Nenda barazani ukamwambie Baba kwa mdomo wako. Ukimwambia, mimi na wewe tutajua pa kuanzia. Usipomwambia, chukua wazee wako uende."

"Siwezi, Mbeyu."

"Huwezi nini?"

"Dzombo ndiye mlezi wangu." Alilitaja jina hilo kwa heshima, na heshima ile ilinikata maini. "Mwaka wangu wa kwanza alinivunja mbavu mbili. Akanilisha siku saba. Mama yangu hakuwa na mtu, baba amekufa; Dzombo ndiye aliyenitafutia kazi hotelini, ndiye aliyenifanya mtu. Mwaka huu mkubwa nilikuwa mimi; jana nimemrudishia yeye chama, matawi yote mawili. Nikisema, namtia yeye pingu kwa mkono wangu."

"Basi kampose Dzombo!"

Alinyoosha mkono anishike. Nilitaka anishike, sitaki kudanganya. Mwili mzima ulitaka. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Usiniguse kwa mkono huo."

Hapo ndipo tuliposikia pikipiki. Si moja, tatu, zikaja mpaka mbele ya nyumba na kuzimwa kwa pamoja. Swabir alibadilika rangi. Akageuka kumtafuta Kitsao, na Kitsao hayupo.

"Kibwana yuko wapi?" akaniuliza haraka. "Mbeyu, Kibwana yuko wapi?"

Nilikimbia kupitia ndani ya nyumba, Swabir nyuma yangu. Tulipofika mlango wa mbele, walikuwa wameshapanda barazani: vijana sita, na mbele yao mmoja mrefu, mpole, kofia ya kufuma kichwani, anambusu Baba mkono.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni kahawa."

"Tumekaribia, ahsante. Naitwa Dzombo. Sisi ni wenzake Kibwana chuoni. Ana kikao cha haraka, mwalimu anamtaka. Hatutakawia naye, inshallah."

"Siku ya Jumapili?"

"Mitihani, Mzee. Unajua tena mambo ya walimu."

Na Baba, maskini Baba, akafurahi! Akafurahi kwamba mwanawe asiyesikia vizuri ana wenzake wanaomfuata nyumbani. Akaita, "Kibwana! Njoo, wenzako hawa."

Kibwana akatoka chumbani. Alipomwona Dzombo alisimama, kisha akaanza kutafuta ndara zake, akavaa ya kulia mguu wa kushoto.

"Baba, usimtoe!" nikapiga kelele.

"Wewe!" Baba akainua kidole. "Habari zako za uani zimeshanifikia. Umeniaibisha mbele ya wageni, na bado una mdomo? Nyamaza kabla sijainuka."

"Baba, nisikilize, hawa ndio—"

"Nimesema nyamaza!"

"Nitakwenda, Baba," akasema Kibwana. Hakunitazama. Nikaelewa kwamba anakwenda ili wasiingie ndani, wasitufikie sisi. Mdogo wangu, na ndara zake kinyume, alishuka ngazi za baraza, vijana wale wakimpisha njia mmoja mmoja.

Dzombo alimwona Swabir nyuma yangu, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, la kaka hasa. "Hongera, ndugu yangu. Endelea na shughuli yako. Hatutaki kukuharibia siku."

Niligeuka nikamtazama Swabir. Sikumwomba. Nilikwisha kusema yangu kwenye tangi. Nilimtazama tu, na yeye alikuwa anamtazama Dzombo, jasho linamtiririka kwenye shingo. Nje Kibwana aliinua mguu apande pikipiki ya kati. Mmoja akamshika bega kumkalisha. Na Swabir bado yuko kimya! Nilihisi kitu kinakufa ndani yangu, nikajua ni yeye, ninamzika nimesimama.

"Mzee," akasema Swabir.

Sauti ilikuwa ndogo, Baba hakuisikia.

"Mzee, usimruhusu apande!"

Baraza zima likageuka. Swabir alipita mbele yangu akaenda kusimama katikati ya wazee, wake na wetu.

"Kibwana hakugongwa na pikipiki," akasema. "Ni mimi. Nilimvunja taya mimi, Januari, kwa mkono huu, na sikio ni mimi. Hawa wote walikuwepo. Sasa wanampeleka kumwua kwa sababu amesema."

Baba akakiweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Umesema nini?"

"Nimesema ni mimi, Mzee."

Dzombo aliacha kutabasamu. "Swabir," akasema taratibu, "nani alikulisha?"

"Wewe."

"Nani?"

"Wewe, kaka. Na leo nimeshiba."

Dzombo alifungua shati, na kiunoni alikuwa amejizungushia mnyororo wa pikipiki.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko ninavyoweza kuyasema. Vijana wawili walimkaba Kibwana wakimlazimisha juu ya pikipiki, injini imeshanguruma. Swabir aliruka kutoka barazani na kanzu yake yote, akaipiga pikipiki teke, ikaanguka na watu wote watatu. Alimvuta Kibwana kwa ukosi wa shati akamsukuma nyuma. Pigo la kwanza la mnyororo wa Dzombo lilimpata Swabir kichwani. Niliusikia. Alipiga goti, akainuka, akampiga mmoja ngumi ya pua, damu ikaruka. Pigo la pili likampata mkono, mkono ukaning'inia.

"Mshikeni!" Dzombo akasema. "Mpigeni kofi moja moja, kama sheria."

Na wakamshika! Mchana kweupe, mbele ya wazee, wakampigisha magoti mchangani, wakampiga mmoja baada ya mwingine, paa, paa, kama walivyozoea kisimani. Baba alishuka na bakora yake, mzee wa miaka sitini na nane, akasukumwa akaanguka kwenye majani. Mama alikuwa analia kwa sauti moja isiyokatika. Bi Hanifa alitokea ndani na mwiko wa pilau, akampiga mmoja wao usoni, wali wa moto ukamganda machoni, akakimbia huku akimwita mama yake.

Halafu nikamwona Dzombo anakunja mnyororo mara mbili. Swabir amepiga magoti, uso umekuwa damu tupu, hajikingi. Na Kibwana, ambaye jana alikuwa na haki ya kumpiga na mkono ukamkatalia, alijitupa juu yake akamfunika. "Basi! Basi, kaka! Basi!" Mnyororo ukatua mgongoni mwa ndugu yangu, shati likachanika lote.

Mimi sijui nilifikaje jikoni. Najua nilirudi na mchi. Dzombo alikuwa amenipa mgongo, ameinua mnyororo tena. Nikampiga gotini kwa nguvu zangu zote na za marehemu bibi yangu.

Mfupa ukalia. Uliingia masikioni mwangu ukakaa humo, na hata leo nikipasua kuni huwa nausikia. Dzombo alianguka bila kupiga kelele, mdomo wazi tu, anautazama mguu wake ulivyopinda. Nilikuwa nimeinua mchi mara ya pili. Nilitaka kichwa. Mungu anisamehe, nilikitaka kweli.

"Mbeyu," Swabir akasema kutoka chini ya Kibwana, jino moja halipo. "Tupa. Usije ukawa kama mimi."

Nikautupa.

Majirani walikuwa wamefika, wengine na mawe, wengine na mapanga, wakipiga kelele za mwizi bila kujua nani kaiba nini. Waliosalia wa Dzombo waliruka kwenye pikipiki mbili, Kitsao akiwa nyuma ya moja, wakatokomea. Dzombo akabaki peke yake mchangani, na watu wakaanza kumzunguka na mawe yao. Baba ndiye aliyeinuka, majani yamemjaa kwenye ndevu, akasimama juu yake na bakora.

"Hauawi mtu kwangu," akasema. "Iteni polisi."

Kisha akamgeukia Swabir. Alimtazama kwa muda mrefu, kanzu ile iliyogeuka rangi, mkono ule unaoning'inia. Nilidhani atampiga. Afadhali angempiga.

"Mwaka mzima," Baba akasema, "nimemlaani mtu ambaye hayupo. Na wewe ulikuwa ukiniita Baba."

"Nisamehe, Mzee."

"Wazee," Baba akawaambia wajomba wa Swabir, bila kumjibu, "chukueni sinia lenu. Hapa hakuna posa. Huyu si mchumba wa mwanangu tena, na asiitwe hivyo na mtu yeyote wa nyumba hii."

Mama yake Swabir aliketi chini pale pale mlangoni akalia. Alikuwa hajui lolote, maskini. Hakuna aliyemwinua ila Mama yangu.

Saa tisa tulikuwa kituo cha polisi. Kibwana amefungwa mgongo, Swabir ameshonwa kichwa na mkono uko kwenye bandeji. Wamekaa benchi moja, katikati yao pamebaki nafasi ya mtu mmoja. Mara moja nilimwona Swabir akiinuka na kuhamia upande wa kulia wa Kibwana, upande wa sikio lililo zima, amwambie neno. Sijui alimwambia nini. Kibwana alitazama sakafu, kisha akatikisa kichwa kukataa, kisha akabaki amekaa pale pale, hakuhama.

Afisa aliyechukua maelezo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, mwandiko wake wa polepole. Swabir ndiye aliyetangulia. Aliyataja majina yote ya matawi yote mawili, na la kwanza akataja lake.

"Unajua hili litakupeleka jela?" afisa akamwuliza.

"Najua, Mama."

"Na bado niandike?"

"Andika."

Alipomaliza akarudi benchi. Aliponipita, hakunitazama. Alinipisha tu njia kwa adabu, kama mtu anavyompisha mke wa mwenzake, na adabu ile iliniuma kuliko mnyororo wowote. Ningemlilia aniangalie. Niliketi mbele ya meza. Baba alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, nikahisi bakora yake ikigusa mguu wa kiti.

"Wewe ndiwe dada wa majeruhi?" akauliza afisa.

"Ndiyo, Mama."

"Ulishuhudia?"

"Ya leo nimeyashuhudia. Na mimi mwenyewe nimemvunja mtu mguu, liandike hilo nalo."

Akaandika. Nilieleza yote, tangu asubuhi jikoni mpaka mchi. Nilipofika kwenye ngumi ya Januari nikaomba maji, nikanywa, nikaendelea. Sikuacha kitu. Sikumpunguzia Swabir hata neno.

Afisa akageuza ukurasa. "Huyu Swabir, aliyekiri. Unamfahamu vipi? Ni nani wako?"

Nyuma yangu Baba alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kunikumbusha. Kwenye benchi Swabir aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, akaniangalia, na nikaona kwamba hategemei chochote kutoka kwangu, ameshakata tamaa mwenyewe.

"Binti, nakuuliza. Ni nani wako?"

"Ni mchumba wangu," nikasema. "Na ndiye aliyemvunja ndugu yangu taya. Andika yote mawili."